Kabla ya Kulipa Dipositi, Fungua Mfereji

Kijana wa kijiji akipata kazi Nairobi, mara nyingi kikundi humchangia: nauli, godoro, kodi ya mwezi wa kwanza na dipositi. Pesa hizo ni jasho la akina mama wa merigoraundi. Lakini tukiwauliza, "Mliangalia nini kwa hiyo nyumba?" wengi hujibu kodi tu. Sisi tunasema maji kwanza, halafu steji. Kodi ni ya tatu.

Tuchukue mfano. Nyumba moja ni shilingi 6,000 na mifereji yake ni mikavu. Nyingine ni 7,500 na maji yapo. Katika ile ya kwanza kijana ananunua mitungi minne kwa siku. Tukisema mtungi ni shilingi 20, hiyo ni 80 kwa siku, 2,400 kwa mwezi. Basi nyumba ya "bei rahisi" inamgharimu 8,400, na bado anapanda ngazi na mtungi mkononi. Pesa za kutuma nyumbani zimeishia hapo.

Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini huko Gatanga, lililokamilika mwaka 1994. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Watu wamezidi maji, kwa hivyo kuna mgawo: kila mtaa una siku zake. (Wenzetu wa Murang'a wanaoona mabomba yakipita na bado wanateka mtoni, hao wana neno lao. Tutalisikia siku nyingine.) Kwa sababu ya mgawo, usiulize, "Kuna maji?" Keateka atasema yapo. Uliza, "Yanakuja siku gani, na tangi ni la lita ngapi kwa nyumba ngapi?" Kisha muulize mpangaji, si keateka. Mama anayefua nguo hapo nje atakuambia ukweli.

Sasa nguvu ya maji. Maji hupata nguvu kwa kushuka. Kadiri tangi lilivyo juu ya mfereji, ndivyo maji yanavyosukuma. Tangi likiwa juu ya paa, nyumba ya chini hupata maji ya nguvu, na ya orofa ya mwisho, iliyo karibu kabisa na tangi, hupata maji ya kudondoka. Watu wengi hufikiri ni kinyume! Huko juu hata ile shawa ya stima inaweza kukataa kuwaka, maana inahitaji maji yasukume. Uliza pia kama kuna tangi la chini na pampu ya kupandisha. Maji ya mgawo mara nyingi hayana nguvu ya kufika paani yenyewe, na stima ikipotea pampu nayo imelala.

Jaribio ni rahisi. Nenda jioni, saa moja hivi, wakati kila mtu anapika na kuoga. Weka mtungi wa lita 20 chini ya mfereji na uangalie saa. Ukijaa kwa dakika tatu, hapo sawa. Ukipita dakika sita, utateseka. Fungua na mfereji wa jikoni wakati ule wa bafu unamwaga, uone kama mmoja unakufa. Onja pia. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana floraidi nyingi, ambayo huharibu meno ya watoto, basi hayo yawe ya kufua na kuosha.

Kuhusu steji, hesabu kwa miguu yako, si kwa maneno ya ajenti. "Dakika tano" yake ni ya pikipiki. Tembea alfajiri, saa ile kijana atakayotoka, uone kama njia ina taa na watu, hasa kwa wasichana. Uliza nauli ya asubuhi na ya siku ya mvua, kwani matatu hupandisha. Palipo karibu na stesheni ya treni, kama Syokimau iliyofunguliwa 2012, Imara Daima au Makadara, mvua haipandishi tikiti, lakini treni ni chache, na ukiikosa umerudi kwa matatu.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Vijana wetu walioko mjini hutumia pesa ngapi kwa mwezi kwa maji na nauli? Waulizwe kabla ya mkutano.

2. Ni nani wetu aliyeko Nairobi anayeweza kwenda na mtungi jioni, kabla mweka hazina hajatuma dipositi?