Udhu na Swala ya Mwenye Maradhi ya Diski Anayevujwa na Mkojo

Leo tusome mas'ala ambayo dada zetu huona haya kuyauliza darsani.

Diski ni kama mto mdogo ulio kati ya pingili mbili za uti wa mgongo. Ikichomoza sehemu ya kiuno, inaweza kubana mishipa ya fahamu inayoongoza kibofu, mkojo ukavuja bila hiari. Wapo wanaoacha swala kwa kudhani hawawezi tena kuwa tohara.

Wanachuoni humwita huyu mwenye udhuru, na wamemkisia na Fatima bint Abi Hubaysh, aliyetokwa na damu ya ugonjwa isiyokatika. Mtume (s.a.w.) alimwamuru atawadhe kwa kila swala, na hadithi yake imo katika Sahihi Bukhari.

Kwa madhhabu ya Shafi, wakati ukishaingia anajisafisha, anaweka pedi safi, anatawadha na kuswali bila kuchelewa. Kitakachotoka baada ya hapo hakimdhuru, hata akiwa katika sijda. Asinuie kuondoa hadathi, kwani hadathi bado ipo. Anuie kuhalalishiwa swala. Udhu huo ni wa faradhi moja tu, na sunna kadiri apendavyo. Kungoja jamaa hakuubatilishi, basi asiukimbie msikiti. Kwa Hanafi ni wepesi zaidi, udhu mmoja unamtosha mpaka wakati utoke.

Hata hivyo, anayevujwa akikohoa au akiinua ndoo tu, kisha akakaa mkavu muda wa kutosha kutawadha na kuswali, hana ruhusa hii. Hutawadha upya kama sisi sote. Na anayeshuku tu, udhu wake upo, kwani yakini haiondolewi na shaka.

Mgongo ukimzuia kusimama, aswali kwa kukaa. Imran bin Husayn alielekezwa hivyo na Mtume alipougua bawasiri.

Sasa la hospitali, nalo ni zito. Maumivu ya mgongo yakija na ganzi kwenye makalio au sehemu za siri, mkojo ukagoma kutoka, au ukaanza kuvuja ghafla bila kuhisiwa, aende siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mishipa iliyobanwa ikicheleweshewa matibabu huenda isipone kabisa. Asipopatikana daktari wa kike, atibiwe na mwanamume, dharura imeruhusu. Na asijinyime maji ili akae mkavu, kwani mkojo mzito hukiwasha kibofu na kuzidisha haja.

Wallahu a'lam.