Mlima Haufungwi: Kumwandaa Mgonjwa kwa Mashindano ya Baiskeli

Kila mwaka, mwezi Machi, barabara za Rasi ya Cape nchini Afrika Kusini hufungwa kwa magari ili kuwapisha washiriki wa Cape Town Cycle Tour. Mashindano hayo yalianza mwaka 1978 kwa waendesha baiskeli mia tano hivi; siku hizi huvuta makumi ya maelfu. Njia yake ya kawaida ni ya kilomita 109, hupita kandokando ya bahari, hupanda Chapman's Peak, na kuelekea mwisho, miguu ikiwa tayari imechoka, hukabili mlima wa Suikerbossie. Wengi wa washiriki si wanariadha wa kulipwa. Miongoni mwao wamo watu wenye shinikizo la damu, kisukari na pumu.

Mashindano ya namna hii, popote penye milima, humleta mgonjwa kliniki na ombi moja: ruhusa ya kushiriki. Ombi hilo halifai kukataliwa kwa pupa, kwani mazoezi ni sehemu ya tiba yake. Wala halifai kukubaliwa kwa saini tu.

Mfano wa kufundishia

Mwanamume wa miaka 54, mwenye kilo 80, anatumia atenolol na hydrochlorothiazide kwa shinikizo la damu, na glibenclamide kwa kisukari. Kwa miezi minne ameendesha baiskeli mara tatu kwa wiki kwenye barabara tambarare, bila maumivu ya kifua wala kizunguzungu. Anasema, "Daktari, barabara itafungwa, hapatakuwa na gari hata moja. Hatari iko wapi?"

Jibu ni fupi: "Mzee wangu, magari yatazuiwa, mlima hautazuiwa."

Mlima huudai mwili nini?

Kwenye tambarare, mwendeshaji hushindana hasa na upepo. Kwenye mwinuko hubeba uzito wake mwenyewe. Mtu wa kilo 80 na baiskeli ya kilo 10, akipanda mita 100 za kimo kwa dakika 8, hutumia nguvu ya takriban wati 184 kwa kuinua uzito huo peke yake. Akipanda kwa dakika 16, mahitaji hushuka hadi wati 92. Mlima ni uleule. Moyo umepunguziwa nusu ya mzigo huo. Ndiyo sababu gia nyepesi na mwendo wa pole ni hatua za kitabibu, si dalili za udhaifu.

Mgonjwa anayetumia atenolol asipime juhudi zake kwa mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa hiyo huyazuia kupanda. Atumie kipimo cha mazungumzo: akishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatisha pumzi, apunguze mwendo au ashuke na kuisukuma baiskeli.

Uchunguzi kabla ya kushiriki

Mwongozo wa Chuo cha Marekani cha Tiba ya Michezo uliorekebishwa mwaka 2015 huzingatia mambo matatu: kama mtu hufanya mazoezi mara kwa mara, kama ana dalili au maradhi yanayojulikana ya moyo, ya figo au ya umetaboli kama kisukari, na ukali wa mazoezi anayokusudia. Mzee huyu ana mazoea ya mazoezi na hana dalili. Hata hivyo ana kisukari, na mlima ni zoezi kali. Anahitaji tathmini ya daktari kabla ya kuanza kujizoeza vilima. Mwenye maumivu ya kifua, kuzirai au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida asishiriki mpaka chanzo kijulikane. Shinikizo la 180/110 au zaidi lidhibitiwe kwanza. Mwenye homa siku hiyo abaki nyumbani.

Dawa na dalili zinazofichana

Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi kwa mzee huyu. Glibenclamide yaweza kushusha sukari wakati wa mazoezi, na hata usiku unaofuata. Kwa kawaida sukari ikishuka moyo hudunda, mikono hutetemeka na jasho hutoka. Atenolol yaweza kuficha mdundo na mtetemo. Jasho hubaki, lakini juu ya mlima nani atalishangaa jasho? Kwa hiyo asitegemee hisia, apime. Kabla ya kuanza, sukari ikiwa chini ya 5 mmol/l ale wanga na kupima tena. Njiani abebe glukosi mfukoni, apime kwenye vituo vya mapumziko, na mwenzake ajue kwamba ana kisukari. Sukari ikishuka, asimame, ale gramu 15 za glukosi na kupima tena baada ya dakika 15.

Hydrochlorothiazide huongeza upotevu wa maji na chumvi. Mgonjwa asiache dawa yoyote kwa uamuzi wake. Mabadiliko ya kipimo hupangwa na daktari na kujaribiwa wiki za mazoezi, kamwe si asubuhi ya mashindano.

Maji nayo yana kiasi. Anywe kadiri ya kiu. Kunywa kupita kiasi hushusha sodiamu katika damu, na hatari hiyo huongezeka kwa anayetumia dawa hiyo. Dalili ni kuumwa kichwa, kutapika na kuchanganyikiwa. Mhudumu asidhani kila aliyelegea amekauka. Kumwongezea maji mwenye sodiamu pungufu kwaweza kumuua.

Mteremko

Barabara iliyofungwa si barabara tupu. Mamia ya baiskeli hushuka pamoja kwa kasi. Kofia ngumu ivaliwe, breki zikaguliwe, mwendo upunguzwe kabla ya kona, na mtu asiyumbe ghafla kutoka upande mmoja hadi mwingine.

Kuamua mapema kusimama

Mwaka 2015 waandaaji wa Cape Town walifupisha njia hadi kilomita 47 kwa sababu ya moto wa nyika. Mwaka 2017 waliyasitisha mashindano asubuhi yenyewe kwa sababu ya upepo mkali. Waliweka usalama mbele ya fahari, ingawa maelfu walikuwa wamejiandaa. Mgonjwa naye aweke masharti yake kabla ya kupanda baiskeli, kwa sababu katikati ya mlima, watu wakishangilia, uamuzi huwa mgumu. Maumivu au mkazo wa kifua, kizunguzungu, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kuchanganyikiwa: lolote kati ya hayo ni amri ya kusimama na kuita huduma.

Mhudumu anayetoa ruhusa aandike masharti hayo kwenye karatasi, ayasome pamoja na mgonjwa, na kumwomba ayarudie kwa maneno yake mwenyewe. Mzee akiweza kusema ni wapi atashuka na kwa nini, maandalizi yake yamekamilika.