AFYA: Mfuniko wa Duara kwa Mtungi wa Maji

Je, mtungi wako wa maji ya kunywa una mfuniko? Wengi wetu tunafunika kwa sahani au kipande cha ubao. Sahani huteleza. Ubao ukisukumwa kidogo huacha mwanya. Hapo nzi huingia, vumbi huingia, na mtoto huchovya mkono.

Baadhi ya watu wa Tarime na Serengeti huteka maji katika Mto Mara. Ng'ombe nao hunywa humo, na wanyama wa porini pia. Maji hayo lazima yachemshwe mpaka yatokote. Lakini maji yaliyochemshwa yakiachwa wazi huchafuka tena. Kuni zimepotea bure, na ugonjwa wa kuhara unarudi.

Tengeneza mfuniko wenye maduara mawili. Duara kubwa hukaa juu ya mdomo wa mtungi. Duara dogo huingia ndani ya mdomo. Kwa hiyo mfuniko hautelezi.

VIPIMO
Pima mdomo wa mtungi kwa ndani, ukipita katikati. Tuseme ni sentimita 20. Duara kubwa liwe na upana wa sentimita 26. Duara dogo liwe na sentimita 19.

JINSI YA KUKATA
1. Chagua ubao mkavu. Usitumie ubao uliopakwa rangi au dawa ya mchwa. Dawa hiyo ni sumu.
2. Piga msumari mdogo katikati. Usitokeze upande wa pili. Funga uzi kwenye msumari, na penseli kwenye uzi, umbali wa sentimita 13. Hiyo ni nusu ya 26. Vuta uzi unyooke, kisha zungusha penseli.
3. Kata pembe nne kwa msumeno, nje ya mstari. Zitatokea pembe nane. Zikate nazo. Maliza kwa tupa na msasa.
4. Chora na ukate duara dogo. Uzi uwe sentimita 9 na nusu.
5. Ng'oa misumari ya katikati. Unganisha maduara, katikati kwa katikati, kwa misumari mifupi isiyotokeza chini. Weka kishikio juu.

Fundi mwenye mashine ya msumeno wa mkanda hufuata njia hiyo hiyo. Ubao hukaa juu ya kipini, sentimita 13 kutoka kwenye meno ya msumeno. Fundi huuzungusha taratibu mpaka duara litimie. Vidole visikae mbele ya meno, na watoto wakae mbali.

UTUNZAJI
Osha mfuniko kwa sabuni na uanike juani. Chota maji kwa kata yenye mpini mrefu. Usichovye kikombe wala mkono. Kumbuka: mfuniko hausafishi maji machafu. Kazi yake ni kulinda maji safi.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha watu kwa redio na katika vikundi kujikinga na magonjwa. Kinga hiyo huanzia nyumbani.

MASWALI
1. Kwa nini maji yaliyochemshwa yafunikwe?
2. Mdomo wa mtungi wako ni sentimita ngapi?
3. Uzi wako utakuwa na urefu gani?