Macho ya Mbwa Wetu

Kwetu Kibuli tuna mbwa mlinzi, Simba. Asubuhi moja nilimkuta jicho lake la kushoto jekundu, latiririka machozi. Nikachukua dawa ya macho ya bibi, nimtie. Kaka yangu, asomeaye udaktari wa mifugo Makerere, akanizuia: "Tazama kwanza. Baadhi ya dawa za macho ya watu zina steroidi. Penye kidonda, hiyo huweza kulipofusha jicho."

Tulitazama. Jicho liuma­lo lilikuwa moja tu, naye alilikuna kwa mguu. Basi yaelekea kuna kitu kimeingia. Daktari alitia rangi maalumu, mkwaruzo ukaonekana. Na chini ya kope akatoa mbegu ya nyasi.

Ndugu wasomaji, yafaa tujue tofauti. Macho yote mawili yakiwa mekundu, machozi maji matupu, huenda ni vumbi au moshi wa mkaa. Yakitoa usaha, na mbwa akohoa na kukataa chakula, huenda ni distempa, ambayo huzuiwa kwa chanjo. Jicho likifunga ukungu, usingoje: laweza kuwa na kidonda, au mbwa ana vijidudu vya mbung'o, jamaa ya vile vya malale alivyovichunguza David Bruce huko Entebbe mwaka 1903.

Nyumbani tusafishe tu, taratibu, kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa; kisha twende kwa daktari. Simba angali ana macho mawili, na dawa ya bibi i kabatini.