SOMO LA UCHUMI: Jeshi linapopanga soko la kazi

Vita huongeza mahitaji ya bidhaa na wakati huohuo hupunguza wafanyakazi. Ujerumani ya mwaka 1916 ni mfano mzuri.

Agosti mwaka huo, Hindenburg na Ludendorff walikabidhiwa uongozi wa jeshi. Walitaka uzalishaji wa risasi uongezeke mara mbili, na wa mizinga mara tatu, ifikapo majira ya kuchipua ya 1917. Novemba iliundwa Ofisi ya Vita chini ya Jenerali Groener, isimamie malighafi na nguvukazi. Sheria ya Desemba 5 iliwataka wanaume wote wa miaka 17 hadi 60 wasiokuwa jeshini wafanye kazi za kusaidia vita.

Lakini amri haizai makaa ya mawe wala mabehewa. Majira ya baridi reli zililemewa, na viwanda vikakosa makaa. Jeshi lililazimika kuwarudisha mafundi kutoka vitani. Kwa kuwa sheria ilimruhusu mfanyakazi kuhama akipata ujira bora, wenye viwanda waligombea mafundi kwa kupandisha malipo, wakijua kuwa gharama ingebebwa na serikali.

Groener alipendekeza faida na mishahara vidhibitiwe kwa pamoja. Agosti 1917 aliondolewa katika wadhifa huo.

Funzo ni kwamba lengo la uzalishaji hutanguliwa na hesabu ya watu, nishati na usafiri. Mnunuzi akiwa mmoja tu, naye halipi kwa kipimo, bei hupanda hata mbele ya bunduki.