Alama Zilizobaki Mchangani

Ziwa Tanganyika hupanda na kushuka. Wakati wa mvua maji hupanda hata mwezi wa tano. Kiangazi hushuka tena. Lakini iko miaka ambayo hupanda kupita kiasi. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1964, na tena mwaka 2024. Mwaka huo wa 2024 maji yaliingia katika nyumba za Kavimvira, mjini Uvira. Watu wengi walihama na vyombo vyao kichwani.

Maji yaliposhuka, mwalimu aliwapeleka watoto wa darasa la tano ufukoni. Akawaambia: "Leo kitabu chetu ni mchanga. Tazameni vizuri, wala msiondoe kitu."

Watoto waliona mawe yamepangwa kwa mstari, kisha mstari umegeuka pembeni. Mwalimu akasema: "Mawimbi hayapangi mawe hivi. Huu ni msingi wa nyumba." Mbele kidogo waliona visiki vya michikichi katika safu. Michikichi iliyojiotea haifuati safu. Basi, pale palikuwa shamba. Waliona pia vigae vya chungu, na mafiga matatu yenye makaa chini yake.

Mvulana mmoja akainua figa moja ampelekee mama yake. Msichana akamshika mkono. "Liache! Hapo ndipo alipopikia tate, mama wa baba yangu." Mvulana akaona haya, akalirudisha taratibu mahali pake.

Mwalimu akasema: "Umefanya vema. Jiwe likikaa mahali pake, twajua palikuwa jiko. Likiondolewa, nani atajua?"

Kisha akawaeleza habari za kale. Mwaka 1871 Livingstone na Stanley walikutana Ujiji, ng'ambo ya ziwa. Wakasafiri pamoja kwa mtumbwi hata kaskazini, wakaona kwamba mto Rusizi huingia ziwani, hautoki. Mto utoao maji ziwani ni Lukuga peke yake. Mwaka 1874 Cameron aliukuta Lukuga umezibwa na majani na matope. Miaka michache baadaye maji yalivunja kizuizi kile, na ziwa likashuka karibu mita 10. Ndiyo sababu mahali pa ukumbusho wa Livingstone, pale Ujiji, pako mbali na maji.

Jioni msichana alimweleza baba yake yote. Baba alikuwa akitaka kujenga tena pale pale, kwa kuwa mchanga umekauka. Kesho yake walikwenda pamoja. Kwenye ukuta mmoja uliosalia waliona alama ya maji, usawa wa kifua cha baba. Baba akanyamaza kitambo. Halafu akasema: "Ziwa limetuandikia mpaka wake."

Akajenga juu zaidi, kwenye ardhi ngumu. Pale chini akalima mboga na viazi, mazao yavunwayo upesi. Hivyo alifanya kama yule mtu mwenye akili katika Injili, aliyejenga nyumba yake juu ya mwamba.

Maswali
1. Watoto walijuaje kwamba palikuwa nyumba na shamba?
2. Kwa nini mvulana alirudisha figa?
3. Kwa nini ziwa lilishuka baada ya mwaka 1874?
4. Waulize wazee wa kwenu: zamani maji yalifika wapi?