Mtandao Ukikata: Mwongozo wa Mazoezi ya Kusanidi na Kutengeneza Mitandao ya Kompyuta

Kijitabu cha elimu kwa umma kwa vijana, walimu na wenye biashara wa Kinondoni, Temeke na maeneo jirani

Kwa nini kijitabu hiki

Stesheneri ya Mbagala Rangi Tatu au ya Tegeta siku hizi haiuzi daftari na kalamu tu. Hapo mwanafunzi anajaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu, mzazi anatazama matokeo ya NECTA, mfanyabiashara anachukua namba ya malipo ya Serikali. Mtandao ukikata, foleni inasimama, na mwenye maombi yanayofungwa usiku huo anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mara nyingi chanzo ni kidogo: waya umelegea, anwani mbili zimegongana, saa ya kompyuta imerudi nyuma. Hasara inakuwa kubwa kwa sababu hakuna aliye karibu anayejua kulitafuta tatizo kwa utaratibu. Mtu anazima na kuwasha kila kitu, anabonyeza kila mahali kwenye mipangilio ya ruta, na fundi anapofika anakuta matatizo matatu badala ya moja.

Kijitabu hiki kinafundisha jambo moja kupitia mazoezi matano: pima kwanza, badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, andika ulichofanya. Ukilizoea hilo kwa mikono yako, utaweza kushughulikia mtandao wa duka, shule au zahanati bila kubahatisha.

1. Njia ya intaneti mpaka mtaani kwako

Huwezi kutafuta mahali njia ilipokatika kama huijui njia yenyewe. Intaneti inaifikia Dar es Salaam kupitia kebo zilizolazwa chini ya bahari. SEACOM ilianza kazi mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kutoka pwani, mawasiliano husafiri kwa nyaya za faiba, zikiwemo za Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unaosimamiwa na TTCL, hadi kwa kampuni inayokuhudumia. Kutoka hapo yanakuja kwa faiba, kwa mnara wa simu au kwa antena ya juu ya paa, yanaingia kwenye ruta yako, kisha swichi, kisha kompyuta.

Tarehe 12 Mei 2024 hitilafu ilizipata SEACOM na EASSy kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na intaneti ikadorora Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, hata ukibadilisha ruta mara kumi hupati nafuu. Ila ndani ya duka, kompyuta bado zinaweza kutumiana faili na kuchapisha kwenye printa moja. Vilevile, tangu mwaka 2004 Dar es Salaam ina kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, TIX, kinachowezesha kampuni za hapa nchini kupeana mawasiliano bila kuyazungusha nje ya nchi. Ndiyo maana tovuti iliyohifadhiwa hapa nchini inaweza kufunguka wakati ya nje imegoma.

Basi swali la kwanza la fundi siku zote ni hili: tatizo liko ndani ya jengo hili, au liko nje?

2. Vifaa vya kuanzia

Watu watatu au wanne wakichangishana wanaweza kuanzisha meza ya mazoezi kwa vifaa vilivyotumika:

- ruta moja ya waifai, hata ya zamani;
- swichi ndogo yenye matundu matano au manane;
- kompyuta mbili;
- mita chache za kebo ya mtandao na vichwa vya RJ45;
- koleo ya kubania vichwa na testa ya kebo;
- daftari la kumbukumbu.

Unaponunua kebo, iwe Kariakoo au dukani mtaani, omba kuona ncha ya waya. Ukwangue kwa wembe. Ukikuta weupe chini ya rangi ya shaba, huo ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba. Hukatika upesi ukikunjwa, na kwa umbali mrefu hupoteza nguvu. Tafuta kebo ya shaba tupu.

Meza hii haihitaji bando. Mazoezi mengi yaliyomo humu hufanyika bila intaneti.

3. Zoezi la kwanza: kubana kebo

Menya ganda la nje kiasi cha sentimita tatu, bila kujeruhi nyaya za ndani. Zitenganishe jozi nne, zinyooshe, zipange kwa mfuatano huu kutoka kushoto kwenda kulia, upande wa shaba wa kichwa ukikuelekea na kebo ikiingilia chini:

1. nyeupe ya chungwa
2. chungwa
3. nyeupe ya kijani
4. bluu
5. nyeupe ya bluu
6. kijani
7. nyeupe ya kahawia
8. kahawia

Zikate ncha zilingane, ziingize mpaka mwisho wa kichwa, hakikisha ganda la nje nalo limeingia ndani ya kichwa, kisha bana. Rudia mfuatano uleule upande wa pili. Testa ioneshe taa zote nane kwa mpangilio.

Usiridhike na kebo inayofanya kazi tu. Mawasiliano ya megabiti 100 kwa sekunde hutumia nyaya nne peke yake: namba 1, 2, 3 na 6. Ya gigabiti hutumia zote nane. Kebo yenye waya mmoja mbovu katika jozi ya bluu au ya kahawia inaweza kuonekana nzima huku ikipunguza kasi mara kumi bila mtu kujua. Kumbuka pia kwamba kebo ya shaba isizidi mita 100 kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

4. Zoezi la pili: kupanga anwani

Kila kifaa kwenye mtandao kinahitaji anwani ya IP isiyofanana na ya mwenzake. Ndani ya nyumba na ofisi tunatumia anwani za ndani, ambazo mara nyingi huanza na 192.168 au 10. Ruta hugawa anwani hizo yenyewe kwa utaratibu uitwao DHCP.

Fanya hivi. Unganisha kompyuta mbili na ruta. Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig. Soma mambo mawili: anwani ya kompyuta na anwani ya lango, yaani ruta yenyewe. Ziandike daftarini. Kisha andika ping, ukifuatisha na anwani ya kompyuta ya pili. Ikijibu, umejenga mtandao. Isipojibu, angalia kwanza kama ngome ya usalama (firewall) ya kompyuta ile inazuia majaribio hayo.

Sasa ipangie printa anwani ya kudumu. Ukiiacha ipokee anwani yoyote, siku umeme ukikatika na kurudi inaweza kupewa nyingine, na kompyuta zikabaki zinaitafuta pale pa zamani. Kama ruta inagawa kuanzia 192.168.1.100 hadi 192.168.1.200, ipe printa 192.168.1.20, nje ya mgao, kisije kifaa kingine kikapewa namba yake.

Jaribu pia kosa linalotokea sana mitaani: mtu ananunua ruta ya pili ili waifai ifike chumba cha nyuma, anaichomeka kwenye swichi bila kuisanidi. Sasa ruta mbili zinagawa anwani, na huenda zote zinajiita 192.168.1.1. Baadhi ya kompyuta zinapata intaneti, nyingine hazipati, na kesho zinabadilishana. Dawa yake: ruta ya pili ibadilishwe anwani yake, izimwe DHCP, kisha iunganishwe kwa tundu la ndani na si lile la intaneti.

5. Zoezi la tatu: waifai inayofika na iliyo salama

Waifai ya masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na hupenya ukuta vizuri zaidi. Ya gigahezi 5 ina kasi kubwa lakini huchoka upesi. Katika mitaa iliyobanana kama Tandale au Tandika, ruta za majirani hupigana kelele kwenye masafa ya 2.4. Tumia programu ya simu inayoonyesha chaneli, kisha chagua kati ya 1, 6 na 11 ile yenye watu wachache, kwa sababu hizo tatu haziingiliani.

Weka ruta juu, katikati ya jengo, mbali na kabati la chuma na ukuta wa mabati. Kisha kamilisha haya manne:

- badilisha nenosiri la kuingilia kwenye mipangilio ya ruta, lile lililotoka kiwandani;
- chagua ulinzi wa WPA2 au WPA3;
- zima WPS, njia ya mkato ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au PIN;
- wateja wapewe mtandao wa wageni, tofauti na ule wa kompyuta za kazi.

6. Zoezi la nne: kutafuta tatizo kwa hatua

Fuata mfuatano huu bila kuruka. Kila hatua inafunga mlango mmoja na kukuonyesha unaofuata.

Uliza. Ni kompyuta moja au zote? Tangu lini? Nani aligusa nini? Bando au malipo ya mwezi yako hai?

Tazama taa. Ruta ina umeme? Taa ya tundu ulilochomeka inawaka? Kwenye kisanduku cha faiba, taa nyekundu ya LOS maana yake mwanga haufiki kutoka kwa mtoa huduma. Piga simu kwake. Usifungue kiungo cha faiba wala kuchungulia ncha yake, kwani mwanga wake hauonekani na unaweza kudhuru jicho.

Badilisha kebo kwa nyingine uliyokwisha kuipima.

Soma anwani. Ikianza na 169.254, kompyuta iliomba anwani ikakosa wa kuipa. Rudi kwenye kebo, swichi au DHCP.

Ping lango. Likijibu, mtandao wa ndani ni mzima.

Ping 8.8.8.8, anwani ya huduma ya majina ya Google. Ikijibu, njia ya kwenda nje iko wazi. Isipojibu huku lango likijibu, tatizo huenda liko kwa ruta au kwa mtoa huduma.

Ping jina la tovuti. Kama namba inajibu na jina halipatikani, hitilafu iko kwenye DNS, huduma inayotafsiri majina kuwa namba.

Tazama saa. Saa ya kompyuta iliyochoka betri ya ndani hurudi miaka nyuma kila umeme unapokatika. Kivinjari hukagua tarehe kinapofungua tovuti salama, na ikiwa imekosewa hukataa kuifungua ingawa mtandao ni mzima.

Ukishapata chanzo, andika: tarehe, dalili, chanzo, dawa. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa mwalimu wa kila anayekaa kwenye meza hiyo.

7. Zoezi la tano: haribu kwa makusudi

Hapa ndipo ujuzi unapokomaa. Mmoja atoke nje. Wenzake watie kasoro moja: kebo yenye waya uliokatwa, anwani iliyogongana, DHCP iliyozimwa, nenosiri lililobadilishwa, tarehe iliyorudishwa nyuma. Arudi, atafute kwa hatua za sehemu ya 6, huku akisema kwa sauti anachopima na kwa nini. Wenzake wasimsaidie, bali wamzuie anaporuka hatua. Kisha mbadilishane zamu. Mkizoea kasoro moja, tieni mbili kwa pamoja.

Asiye na vifaa anaweza kufanya mazoezi haya kwenye Packet Tracer, programu ya bure ya Cisco inayojenga mtandao wa kuigiza ndani ya kompyuta. Ila kubana kichwa hakuigiziki. Tafuta kebo.

8. Umeme, mvua na radi

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua ruta na swichi. Tumia UPS au angalau kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme. Msimu wa masika na wa vuli, radi zinapoanza, chomoa umeme pamoja na kebo inayotoka nje. Usivushe kebo ya shaba juu kwa juu kutoka jengo moja hadi jingine, kwani radi huifuata; tumia faiba au antena. Kebo ya mtandao isipite bomba moja na waya wa umeme. Kwenye maeneo yanayoingia maji, weka vifaa juu ya kiwango ambacho mafuriko yaliwahi kufika. Usipande paa lenye unyevu, wala kufanya kazi juu peke yako.

9. Sheria na haki

Fanya mazoezi kwenye vifaa vyako au kwa ruhusa ya mwenyewe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inafanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini kuwa kosa, hata kama hukuharibu kitu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa za wateja; fundi anayekuta nakala za vitambulisho kwenye kompyuta hana ruhusa ya kuzichukua. Kabla ya kuanza kuuza intaneti kwa majirani au kufunga mitandao kama biashara, uliza Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, kuhusu leseni inayohitajika.

Mteja naye ana haki. Ukishapima na kuona tatizo liko kwa mtoa huduma, lalamika kwake kwanza na uhifadhi namba ya lalamiko pamoja na vipimo vyako. Usiposikilizwa, peleka lalamiko TCRA.

10. Pa kuendelea

Wilaya ya Temeke ina chuo cha VETA Chang'ombe. Kipawa kuna kituo cha VETA cha TEHAMA. Katikati ya jiji ipo Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT. Uliza kozi zilizopo na ada zake moja kwa moja chuoni. Na wewe uliyejifunzia kazi mtaani bila cheti, VETA ina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Nenda na daftari lako la kazi. Linaonyesha namna unavyofikiri mbele ya tatizo.

Walimu na viongozi wa mitaa, tunawaomba mtenge chumba kimoja na siku moja ya wiki kwa ajili ya meza hii ya mazoezi. Kompyuta chakavu zilizorundikwa stoo zinatosha kuanzia. Kila mtaa ukiwa na vijana wanne wanaojua kupima kabla ya kugusa, shule haitasubiri wiki nzima fundi kutoka mbali kwa sababu ya kichwa kimoja cha RJ45.